Pazia la mwanga na rilei ya usalama kwenye presi ya sufuria, Chang'ombe: nyota nne kasoro

Nianze na bei, maana najua wengi mtashuka moja kwa moja kuitafuta. Presi moja ya haidroliki, tani 100, ya kukandamiza sufuria za alumini: pazia la mwanga (miale inayosimamisha presi mkono ukiikata) 3,400,000, rilei ya usalama (kiboksi kinachokata umeme na kujikagua chenyewe) 620,000, valvu mbili na bloku lake 4,900,000, mkaguzi siku mbili pamoja na ripoti 1,800,000, mabano, nyaya na vikorokoro 280,000. Jumla milioni 11. Mwanzoni nilimwambia bosi milioni nne. Siku ya ankara ya mwisho alinitazama akasema, "Fundi, mimi nilidhani tunanunua taa."

Mimi ni msimamizi wa matengenezo. Umeme nilisomea VETA hapahapa Chang'ombe, na kiwandani huu ni mwaka wangu wa 14. Vifaa hivi vyenye vyeti vya usalama nilikuwa navisikia tu kwa wenzetu wa viwanda vya saruji na bia. Kilichotuingiza ni tukio la mwezi wa nne, zamu ya mchana.

Dada wa presi namba 1 alikuwa anatoa sufuria iliyonasa kwenye dai, yaani umbo la chuma la kukandamizia. Alibonyeza kitufe chekundu kwanza, kama tulivyomfundisha, ndipo akaingiza mkono. Kichwa cha presi kikaendelea kushuka. Aliuvuta mkono, glavu ikachomoka ikabaki ndani. Nilipofika kichwa kimeshapanda, glavu imekuwa nyembamba kama chapati ya mkaa, na yeye ameketi chini ameshika vidole anavihesabu, kimoja kimoja, bila kusema kitu.

Nikafungua paneli. Kitufe kilikuwa kizima na kilikuwa kimekata umeme wa koili, ile sumaku inayovuta swichi iitwayo kontakta. Koili iliachia. Lakini ncha za kontakta ya valvu ya kushuka, ile inayopitisha mafuta ya kushusha kichwa, zilikuwa zimeungua na kugandana, kwa hiyo umeme uliendelea kupita kama vile hakuna aliyebonyeza. Nilizibandua kwa bisibisi, zikatoa mlio mdogo, "tak". Kontakta moja ile ndiyo iliyokuwa usalama wetu wote kwa miaka tisa. Mkaguzi wa OSHA alikuwa ameona kitufe chekundu juu ya bamba la njano, akajaribu, presi ikazima, akaandika sawa. Simlaumu, siku ile kweli ilizima.

Glavu nikampelekea bosi mezani. Bei hakuuliza tena mpaka siku ya ankara.

Sasa kuhusu duka. Jina silitaji, lipo Gerezani, ghorofa ya kwanza, lina kiyoyozi na vijana wanaoongea vizuri. Nilitaka vitu viwili: pazia la mwanga la aina ya 4 kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa IEC 61496, lenye uwezo wa kuona kitu cha milimita 30, yaani kiganja, na rilei ya usalama ya njia mbili. Kijana akaniambia, "Kaka, hii ni SIL 3, mzigo wa Ujerumani. Ukifunga hii, presi yako yote inakuwa SIL 3." SIL ni ngazi ya kuaminika kwa mfumo wa usalama. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, nikapanda bodaboda na boksi mapajani kama nimebeba keki ya harusi.

Hapo nilikosea mara mbili.

La kwanza niligundua jioni ileile. Boksi la pazia lilikuwa limeshafunguliwa, likafungwa upya kwa gundi ya karatasi. Kijiti cha kupimia hakikuwemo. Mwongozo haukuwemo. Kulikuwa na kopi ya cheti tu, nyeusi kama imetolewa kwenye mashine ya fotokopi ya stendi. Wengi wetu tukiona karatasi yenye muhuri wa Kijerumani tunaridhika. Mimi niliamua kuisoma, na nawashauri msome, maana cheti cha namna hii kina mambo machache tu yenye maana: nani amekitoa, namba yake, viwango vilivyotumika pamoja na mwaka wa toleo, namba kamili ya modeli, na tarehe ya mwisho. IEC 61508, ambacho ndicho mama wa viwango hivi vyote, toleo linalotumika ni la 2010. Ukiona cheti kimetaja toleo la kwanza tu, uliza bidhaa hiyo imekaa stoo tangu lini.

Hiki kilikuwa cha TÜV Rheinland, shirika la ukaguzi la Ujerumani, na hao wana orodha yao ya mtandaoni iitwayo Certipedia. Unaandika namba ya cheti, inakuonyesha bidhaa. Nikaandika. Cheti ni halali kabisa, ila cha pazia lingine: lile la milimita 14, la kuona kidole. Langu ni la 30. Tofauti kwenye namba ya modeli ni tarakimu mbili mwishoni. Nikampigia kijana. "Ni ileile tu kaka, kampuni moja." Nikamwambia hata sufuria ya lita mbili na ya lita kumi ni kampuni moja. Ilichukua siku 11, simu sijui ngapi, na mimi kupanda zile ngazi mara tatu, ndipo nikapata boksi lililofungwa kiwandani, lenye kijiti, mwongozo na cheti chake. Duka ninalipatia nyota mbili, na ya pili ni kwa sababu mwishowe walibadilisha bila kudai nyongeza.

Nikiwa hapohapo: kuna mteja mwingine aliniambia dukani nisihangaike, "si ina CE". Alama ya CE, kwa bidhaa nyingi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za Ulaya. Wengine waliniuliza kama ina alama ya TBS. Jamaa, TBS pale Ubungo wanathibitisha sufuria zetu zenyewe, na alama yao tunaiheshimu, lakini haikuambii kama rilei itaachia siku kontakta ikigandana. Kila alama ina swali lake inalolijibu.

Rilei sasa. Hii naipa nyota tano bila kufikiri. Kwa nje ni kiboksi cha kufunga kwenye reli, upana wa vidole viwili. Kampuni ya Pilz ya Ujerumani ndiyo iliyotoa ya kwanza ya namna hii mwaka 1987, wakaiita PNOZ, na mkaguzi tuliyemlipa mpaka leo huita rilei yoyote ya usalama "pinozi" hata kama si ya Pilz, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Ndani yake kila kitu kipo mara mbili. Kitufe chekundu kinaleta njia mbili za waya, na rilei inazilinganisha. Moja ikikatika na nyingine isikatike, inazima na kugoma kuwaka. Upande wa kutoka inaendesha kontakta mbili zilizopangwa mfululizo, ili moja ikigandana nyingine ikate. Halafu kuna ule waya unaorudi kutoka kwenye kontakta kuleta habari. Kontakta hizi zina ncha zilizofungwa pamoja kimakanika: ncha kuu ikigandana, ile ya pembeni haiwezi kujifunga, waya unabaki bila umeme, na rilei haikubali riseti, yaani kuwashwa upya.

Nililijaribu hilo mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuja. Nilizima kila kitu, nikakandamiza kontakta moja kwa kabari ya mbao ili ibaki imeshikwa, nikarudisha umeme, nikabonyeza riseti. Kimya. Nikabonyeza tena. Taa nyekundu tu. Nikatoa kabari, nikabonyeza, "klak", kijani. Dada wa presi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Tulirudia mara nne.

Kosa la pili ndilo lililokula milioni saba, na nisingelijua bila mkaguzi.

Huyu ni mhandisi wa kujitegemea, amesomea usalama wa mashine nje na ana cheti chake. Alifika asubuhi na foleni ya Tazara machoni, akavua koti, akaomba mchoro wa haidroliki. Nikampa mchoro wa umeme. Akasema, "Huu nitauangalia baadaye mkuu, nipe wa mafuta." Akaufuata kwa kalamu mpaka kwenye valvu ya kushuka. Ilikuwa moja, bila kihisi cha kuonyesha imekaa wapi.

Akanieleza hivi. Kwenye ISO 13849-1, ambacho ndicho kiwango cha mashine, usalama unapimwa kwa daraja kutoka a mpaka e, na daraja e linalingana na SIL 3: hitilafu ya hatari iwe chini ya moja kwa saa milioni 10 za kazi. Saa milioni 10 ni zaidi ya miaka 1,100. Pazia langu ni e. Rilei ni e. Lakini kinachopewa daraja ni kazi nzima, kuanzia mkono unapokata mwanga mpaka chuma kinaposimama, na mwisho wa kazi hiyo kuna valvu moja. Njia moja bila uangalizi, hata kama valvu ni nzuri ya kuaminika, haivuki c. Uchafu kidogo kwenye mafuta, valvu inanasa wazi, na hapo pazia linapiga kelele kwa mtu ambaye hasikii. "Umenunua mlango wa benki," akasema, "ukaufunga kwenye nyumba ya makuti."

Kwa hiyo lile neno la dukani, "presi yote inakuwa SIL 3", tulifute. Cheti kilichomo kwenye boksi ni cha kile kilichomo kwenye boksi.

Kisha akatoa kipimo cha muda wa kusimama. Anakifunga kwenye kichwa cha presi, kinaangalia mwendo, anakata mwanga, kinahesabu milisekunde mpaka chuma kitulie. Alipima mara kumi asubuhi, mafuta yakiwa baridi, kisha mara kumi mchana yakiwa yamepata moto, akachukua lililo baya kuliko yote: milisekunde 310. Ongeza 15 za pazia na 20 za rilei, ni 345.

Hesabu ya pazia likae umbali gani kutoka kwenye dai inatoka ISO 13855 na haihitaji chuo kikuu. Mkono wa mtu unachukuliwa kwenda mita mbili kwa sekunde. Jibu likizidi milimita 500 unaruhusiwa kutumia mwendo wa mita 1.6. Unazidisha na muda, unaongeza nafasi ya vidole kupenya kabla pazia halijaviona, ambayo kwa pazia la milimita 30 ni 128. Kwetu ikaja milimita 680. Mimi nilikuwa nimeshatoboa matundu ya mabano kwa umbali wa sentimita 20! Pale nilipolifunga, mkono ungefika kwenye dai presi ingali inashuka, huku taa ikiwaka nyekundu kwa uaminifu kabisa.

Tukajaribu sentimita 68. Dada akanyoosha mkono na kisahani cha alumini, hakufika. Akachuchumaa, akainama, hakufika. "Mnataka nikue?" akauliza. Hapo hapakuwa na ujanja: ama presi isimame haraka zaidi, ama asifanye kazi.

Mchana tulikula kwa mama lishe wa nje ya geti, wali maharage, na mkaguzi akatupa habari ya Buncefield, bohari ya mafuta huko Uingereza iliyolipuka Desemba 2005. Tangi la petroli lilikuwa linajazwa usiku. Geji ikanasa, ikawa inaonyesha kiwango kilekile huku mafuta yanapanda. Kulikuwa na swichi ya pili, ya kujitegemea, ya kukata mafuta tangi likifika juu. Ile swichi ilikuwa na mkono wa kufanyia majaribio, na mkono huo ulitakiwa kushikiliwa na kufuli ndogo ili swichi ibaki kwenye hali ya kazi. Kufuli haikuwekwa, waliohusika hawakujua kwamba ina kazi hiyo. Swichi haikukata. Watu zaidi ya 40 waliumia, na ni bahati ya Jumapili alfajiri kwamba hakufa mtu. Mzee wetu wa stoo, ambaye kwa kawaida haongei akila, aliweka kijiko chini akatazama upande wa Kurasini yaliko matangi. "Kufuli," akasema. "Ya shilingi ngapi?"

Nimeileta habari hii kwa sababu ya mwongozo uliokosekana kwenye boksi langu la kwanza. Mwongozo wa usalama ndio unaokuambia kufuli ni ya nini. Mkaguzi aliniambia akikuta kifaa chenye cheti bila mwongozo wake, kwake ni kama hakina cheti, maana masharti ya cheti yameandikwa humo: kifungwe vipi, kijaribiwe kila baada ya muda gani, kitupwe lini. Rilei yangu, kwa mfano, hesabu zake zinasimama kwa miaka 20. Baada ya hapo hata kama inawaka kijani, namba zake hazina mwenyewe.

Valvu zikaagizwa. Mbili mfululizo, kila moja na kihisi kinachoripoti kwenye saketi kwamba imerudi nyumbani. Ilipita wiki saba, mzigo ulikwama bandarini kidogo, hayo mnayajua. Fundi wa haidroliki alifunga bloku siku ya Jumamosi, mkaguzi akarudi Jumatatu na kipimo chake. Milisekunde 180. Nilidhani sikusikia vizuri. Jumla na pazia na rilei ni 215, na hesabu ya umbali ikatoa milimita 472. Lakini ukitumia ule mwendo mdogo huruhusiwi kushuka chini ya 500, kwa hiyo tumefunga sentimita 50 kamili. Dada anafika, anainama kidogo tu. Nyuma ya pazia tumeweka bomba la kuziba ili mtu mwembamba asije akasimama kati ya mwanga na presi, na pembeni kuta za bati zilizofungwa kwa nati, kwa sababu pazia linaona mbele tu. Ripoti ya mkaguzi imetupa d, sio e, kwa sababu ya namna nyaya za vihisi vya valvu zilivyopita kwenye bomba moja na nyingine. Nimeudhika kidogo. Lakini ametaja ukurasa na picha, na kwa hilo hilo ninamwamini: nyota tano, ingawa ripoti ilichelewa siku tisa na simu hapokei baada ya saa kumi na moja.

Sasa tuna miezi mitatu. Kila zamu ikianza, opereta anapitisha kile kijiti cha milimita 30 polepole juu, katikati na chini ya pazia, na taa lazima ibaki nyekundu njia nzima bila kupepesa. Inachukua dakika moja, na anasaini kwenye daftari. Mara moja liligoma kuwaka kabisa: unga wa alumini ulikuwa umeganda kwenye kioo. Kitambaa kikavu, basi. Umeme ukikatika na kurudi, presi haijiwashi yenyewe kama zamani, mpaka mtu abonyeze riseti akiwa amesimama mahali anapoiona. Zamu ya usiku walilalamika wiki ya kwanza kwamba linawachelewesha, mtu akiingiza kiwiko tu presi inazima. Nimemkuta kijana mmoja anaangalia zile waya mbili nyuma ya paneli kwa macho ya kuziunganisha ili pazia lisiizime presi. Funguo ya paneli sasa inalala kwangu.

Pazia lenyewe nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa mambo mawili. Halizuii kitu kinachoruka kutoka ndani, na vipande vya alumini huruka, kwa hiyo miwani iko palepale. Na si la kila presi. Wenzangu wa Gerezani na Tandika wenye zile presi za gurudumu na klachi ya pini, ambazo zikishaanza hazisimami mpaka zizunguke mzunguko mzima, msilinunue hata mkipewa nusu bei. Mwanga utakatika na chuma kitakuja vilevile. Nyie mnahitaji kizuizi cha chuma kinachofunga kabla ya kichwa kuanza kushuka, na hicho fundi wa kuchomelea mzuri akipewa vipimo anatengeneza.

Presi namba 2 bado ina kitufe kimoja na kontakta moja. Jana bosi amenisimamisha getini, akaniambia nimletee bei, na safari hii nianze na valvu.